Njia nyepesi za baiskeli ya lami zinazopita bustani na misitu ya Nairobi

Nyambura_SouthC

Hamjambo ndugu zangu. Nimenunua baiskeli ya mtumba, ile yenye usukani uliopinda chini na matairi membamba ya milimita 28, na binti yangu wa kidato cha pili ana baiskeli ya milimani. Tungependa kutoka pamoja Jumapili asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu, tukipita penye miti, mito na bustani, bila kupanda milima ya kutoa roho na bila kubanwa kati ya matatu na malori njia nzima. Kwa kuwa tunaishi South C, nilidhani tungeanza na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi iliyo karibu nasi, hadi jirani mmoja aliponiambia kwamba baiskeli haziruhusiwi humo. Je, ni kweli? Je, msitu wa Karura unavumilika kwa matairi kama yangu, au nitajuta? Jambo la mwisho ni usalama, kwa maana ya magari na pia ya waporaji, kwa sababu nitakuwa na mtoto na sitaki kubahatisha. Ningeshukuru zaidi kupata njia ambazo mtu amezipita mwenyewe, maana ramani ya simu hunirudisha kila mara kwenye barabara kuu.

Mzee_wa_Parklands

Karibu sana, mama. Jirani yako amesema kweli. Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa 1946 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 117, ina simba, nyati na vifaru, na mgeni huizunguka akiwa ndani ya gari. Anayetaka kupiga pedali katikati ya pundamilia na twiga huenda Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako baiskeli zinaruhusiwa na hata hukodishwa, lakini hiyo ni safari ya siku nzima, kwa hivyo naiacha kando.

Kabla ya kutaja barabara yoyote, ningependa uelewe jinsi ardhi ya mji huu ilivyolala, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama njia ni nyepesi au nzito, kuliko hata idadi ya kilomita. Nairobi imeinama kuelekea mashariki. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, Wilson uko karibu mita 1,690, na Limuru imepita mita 2,200. Mito yetu, kuanzia Mbagathi, Ngong na Nairobi hadi Mathare, Gitathuru, Karura na Ruaka, hufuata mteremko huo kutoka magharibi, na kila mmoja umejichimbia bonde lake. Kwa sababu hiyo, barabara inayofuata mgongo ulio kati ya mabonde mawili hupanda polepole bila wewe kuhisi sana, ilhali barabara inayokata mabonde kutoka kusini kwenda kaskazini hukushusha hadi darajani na kukupandisha upya, kisha hukufanyia vivyo hivyo kwenye mto unaofuata. Mtu anayetoka Kileleshwa kwenda Kitisuru kwa barabara za ndani huona umbali mdogo kwenye ramani, na hufika akihema. Basi shikeni mgongo, na muanze kwa kuelekea magharibi au kaskazini magharibi miguu ikiwa bado ina nguvu, ili wakati wa kurudi mteremko uwe upande wenu.

Kwa upande wa kaskazini, njia niipendayo ni ile ya City Park hadi Karura. Kutoka South C mtafuata Uhuru Highway chini ya ile barabara ya juu ya kulipia, ambayo tangu ilipofunguliwa 2022 baiskeli na bodaboda haziruhusiwi kuipanda, mpite Uhuru Park na Central Park mkono wa kushoto hadi Museum Hill, muingie Prof. Wangari Maathai Road, ambayo wengi bado huiita Forest Road, kisha Limuru Road. Sehemu hii ya mjini inapendeza saa kumi na mbili unusu asubuhi ya Jumapili peke yake. Ikifika saa tatu, matatu za waendao kanisani zimeshaamka na kila kituo kimejaa.

City Park mnaweza kusimama mnywe maji. Ndipo alipozikwa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, karibu na kaburi la rafiki yake Pio Gama Pinto, na binti atapata somo la historia bila kufungua kitabu. Angalizo moja tu: kima wa hapo hawana adabu hata kidogo. Wakiona mkoba unaning'inia kwenye usukani, wataufungua zipu mbele ya macho yako, wachukue ndizi na kuacha maandazi.

Kutoka hapo hadi lango la Karura lililo Limuru Road ni mwendo mfupi. Msitu huu una takriban hekta 1,041, ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali 1932, na kama Profesa Wangari Maathai na wenzake wasingewakabili wanyakuzi 1999, leo tungekuwa tukipita kati ya maghorofa. Umezungushiwa ua wa umeme, askari wa doria wapo, na makutano ya njia yamewekewa nguzo zenye namba, kiasi kwamba ukipotea unaweza kutaja namba ya nguzo kwa simu ukaelekezwa. Mkiwa kimya, inueni macho kwenye miti mirefu mtafute mbega, wale wenye manyoya marefu meupe mgongoni na mkiani, ambao walirudishwa Karura kutoka Kipipiri kuanzia 2014.

Sasa kuhusu matairi. Njia za ndani ya Karura ni za udongo na changarawe, si za lami. Wakati wa kiangazi, tairi la milimita 28 linapita kwenye zile njia pana za gari la doria ukienda taratibu. Mvua ikishanyesha, lisahau kabisa, kwa maana ule udongo mwekundu hugeuka sabuni. Malipo langoni hufanywa kwa simu, na chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga za taifa tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hiyo bebeni zile chupa za kufunga kwenye baiskeli, la sivyo mtaacha maji yenu langoni. Usiwe na wasiwasi iwapo matairi yako yatakushinda: baiskeli za milimani hukodishwa huko huko.

Otieno_Langata

Mzee wetu amefafanua vizuri habari ya migongo na mabonde, na ndiyo maana mimi ningemshauri Dada Nyambura aanze upande wa kusini, ambako hahitaji kukata bonde lolote kubwa wala kupita katikati ya mji. Kutoka South C ingieni Lang'ata Road karibu na Wilson na mfuate magharibi. Mtapita Uhuru Gardens, mahali ambapo bendera ya Kenya ilipandishwa kwa mara ya kwanza usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963, kisha lango kuu la Hifadhi ya Nairobi. Hapo angalau binti atauona msitu wa hifadhi kupitia kwenye ua, na asubuhi mapema ngiri huwa karibu na waya wakichimba majani kwa magoti. Hadi mkifika Galleria, kwenye makutano na Magadi Road, mtakuwa mmepanda bila kujua mmepanda.

Mkishapita hapo, iacheni Lang'ata Road mapema iwezekanavyo na muingie barabara za ndani zilizo kushoto, yaani Bogani, Mukoma na nyinginezo za mtaa huo. Huku ndiko ninakokuita kwepesi kwa mtu mwenye tairi jembamba: lami ipo, magari ni machache, na miti ya pande zote mbili imekutana juu ya barabara, kiasi kwamba hata saa nne jua halikuchomi. Mijakaranda ikichanua, kuanzia Septemba hadi Novemba hivi, lami yote hugeuka zambarau. Kituo cha Twiga kiko humu humu. Zungukeni hadi Karen Road, mpite jumba la makumbusho la Karen Blixen, na mwende mpaka mwisho wa barabara, ambapo kuna msitu wa Oloolua unaosimamiwa na Taasisi ya Utafiti wa Nyani. Njia ya Oloolua ni ya kutembea kwa miguu: inashuka kwenye mto Mbagathi, penye maporomoko madogo, mafunjo na pango. Ni mahali pazuri pa kunyoosha mgongo kabla ya kurudi. Kwenda ni kama kilomita 15, na kurudi sehemu kubwa mtakuwa mnateleza.

Kuna mambo mawili ya kuangalia huko Karen. La kwanza ni matuta, kwani baadhi hayajapakwa rangi, na chini ya kivuli cha miti huyaoni hadi usukani ukurukie mikononi. La pili ni ua wa kayaba. Nyumba nyingi za huko zimezungushiwa mmea huo wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, na siku ambazo watunza bustani wameupogoa, vijiti vyake hubaki pembeni mwa lami, mahali pale pale mwendesha baiskeli anapopita. Ukiona majani mabichi yaliyokatwa yametapakaa barabarani, sogea katikati kidogo baada ya kuangalia nyuma.

Wenye haraka hurudi kwa Southern Bypass, kwa kuwa lami yake ni laini, bega lake ni pana, na inapita kando ya hifadhi hadi Mombasa Road, karibu kabisa na South C.

Halima_B

Ndugu Otieno, njia ya Karen ninaiunga mkono kwa mikono miwili, lakini kwa Southern Bypass sikubaliani nawe, hasa kwa mama aliye na mtoto. Barabara ile ilijengwa ili malori yatokayo Mombasa yaende Naivasha na Malaba bila kuingia mjini, na yanafanya hivyo hata Jumapili. Lori refu likikupita kwa kasi, upepo wake hukusukuma kwanza nje, kisha hukuvuta ndani kuelekea magurudumu, na mtu mzima aliyezoea hujua kushikilia usukani kwa utulivu, ila msichana wa kidato cha pili atashtuka. Isitoshe, ile sehemu inayokata msitu wa Ngong Road haina nyumba wala kibanda, kwa hivyo mkipata pancha hakuna wa kumwita. Mimi huipita nikiwa na kundi la watu wengi, na sijawahi kuwashauri wanawake wawili waipite peke yao. Rudini kwa Lang'ata Road mliyojia.

Msitu wenyewe wa Ngong Road ni mzuri sana, na ni msitu wa asili usiopungukiwa na chochote mbele ya Karura, isipokuwa umaarufu. Ingieni kwa lango lililo na askari, mlipe, na muulize ni njia zipi zinazolindwa siku hiyo. Msiingie kwa vichochoro vinavyotokea barabarani, hata mkiona vijana wakipita.

Ningependa pia kusema neno kuhusu Ngong Road, kwa sababu mtu atakuja hapa kuipendekeza kwa kuwa ina njia ya baiskeli iliyotengwa. Ni kweli inayo, na Kaunti ya Nairobi ina sera ya usafiri usiotumia injini tangu 2015. Lakini nendeni mkaione hiyo njia: hapa pameanikwa makochi ya mafundi seremala, pale pamepangwa miche ya kuuza, mbele kidogo bodaboda wanangoja abiria, na mnalazimika kushuka barabarani na kupanda tena kila baada ya hatua chache, jambo ambalo ni la hatari kuliko kukaa barabarani moja kwa moja. Jumapili alfajiri inapitika. Saa nyingine zote ni soko.

Nyambura_SouthC

Ninawashukuru sana wote watatu. Mzee, ile habari ya mito imenifungua macho, kwa sababu jana nilikwenda Lavington kumwona dada yangu na sikuelewa ni kwa nini nilichoka vile. Tumeamua kuanza na Karen. Naomba sasa mnisaidie kwa upande wa baiskeli yenyewe. Je, nibadilishe matairi ili niweze kuingia Karura na matairi yaleyale ninayotumia kwenye lami? Na je, kuna jambo la kukagua kwenye baiskeli ya mtumba kabla ya kumtoa mtoto barabarani?

Fundi_Musyoka

Dada, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yangu, nitajibu kwa kirefu kidogo.

Anza na breki, na usiangalie tu kama zinashika, bali angalia mkono upi unashika gurudumu lipi. Baiskeli za mtumba zinazotoka Uingereza huwa na breki ya mbele mkono wa kulia, na zile za kutoka bara la Ulaya huwa nayo mkono wa kushoto, na zote huuzwa pamoja kwenye kibanda kimoja. Kama wewe umezoea moja na baiskeli ya binti ni ya aina nyingine, mkibadilishana siku moja kwenye mteremko, atabana ya mbele kwa nguvu akidhani ni ya nyuma, na atarushwa juu ya usukani. Kubadilisha waya zikae sawa kwenye baiskeli zote mbili ni kazi ya muda mfupi kwa fundi yeyote.

Kuhusu matairi, pima kwanza nafasi iliyopo kati ya tairi na breki, na kati ya tairi na fremu. Baiskeli nyingi za zamani zenye usukani uliopinda haziwezi kupokea tairi pana kuliko hilo la 28 ulilonalo, hata ukitaka. Kama nafasi ipo, weka la 32 lenye vijino vidogo pembeni na katikati laini, na utapita Karura na lami bila kubadilisha chochote. Kama haipo, baki na hayo, ila punguza upepo kidogo siku ya kwenda msituni. Watu wengi hujaza tairi hadi liwe gumu kama jiwe wakidhani ndiyo kasi, lakini kwenye changarawe tairi gumu huruka na kuteleza, na mikono ndiyo inayolipa. Usipunguze kupita kiasi, kwa sababu ukipiga jiwe tyubu itabanwa na rimu na kutoboka matundu mawili kwa pamoja.

Ule udongo mwekundu ambao mzee ameutaja una hila nyingine zaidi ya kuteleza. Hujikusanya kwenye breki na chini ya fremu, na kwa tairi lenye nafasi finyu kama lako, baada ya mita mia moja tu gurudumu hukwama kabisa na hakuna la kufanya ila kuchokoa kwa kijiti. Katika miezi ya mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, baki kwenye lami za Karen.

Bebeni tyubu mbili za akiba, moja ya kila baiskeli kwa kuwa ukubwa wa magurudumu hautafanana, viinua tairi na pampu, na umfundishe binti kubadilisha tyubu nyumbani sebuleni kabla ya siku ya safari. Baada ya pancha ya mwiba wa kayaba, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu mpya, kwani ncha ya mwiba hukatikia ndani ya mpira na itatoboa ile mpya kabla hujafika kona. Jambo jingine ni vifuniko vya mitaro mjini. Vingine vina mianya inayokwenda sambamba na barabara, mianya ambayo tairi la milimani hupita juu yake na lako litazama, kwa hivyo usimfuate binti kwa mazoea pale anapopita yeye.

Mzee_wa_Parklands

Musyoka amemaliza habari ya vyuma. Niongeze njia moja ya siku zijazo, mkishazoea Karen na Karura, kwa sababu ni mfano mzuri wa barabara inayofuata mgongo. Limuru Road yenyewe, ukiipita Karura na Gigiri bila kuingia, huendelea kupanda taratibu kupitia Ruaka na Banana hadi mashamba ya chai ya Tigoni, eneo la Limuru, ambako ndiko chai ilikopandwa kwa mara ya kwanza nchini 1903. Ruaka ina msongamano, kwa hiyo ipiteni mapema kabla maduka hayajafunguliwa. Baada ya Banana hewa hubadilika, baridi hukuingia kwenye vidole, na mashamba hufunguka pande zote mbili. Bebeni sweta, hasa Julai, ambapo ukungu unaweza kudumu hadi saa nne na magari yasiwaone vizuri, kwa hivyo taa ya nyuma iwake hata mchana.

Huko juu mtapitwa na vijana wa mbio waliovaa nguo za kubana, na wengine hutokea upande wa Kikuyu, kule Mai-a-Ihii ambako David Kinjah alimlea Chris Froome kabla hajashinda Tour de France mara nne. Watawasalimu, muwajibu, na wala msijaribu kuwafuata. Kipimo changu ni mazungumzo: mkifika Banana na binti bado anasimulia mambo ya shule, endeleeni hadi kwenye chai, na akiwa amenyamaza, geuzeni hapo hapo, mteremko utawafikisha nyumbani.

Nyambura_SouthC

Nimeelewa, mzee, na breki nimezikagua: yangu ya mbele iko kushoto, ya binti iko kulia, kwa hivyo kesho zinakwenda kwa fundi. Otieno, swali la mwisho kabisa: tukifika Oloolua na kutaka kutembea hadi kwenye maporomoko, baiskeli tunaziacha wapi?

Otieno_Langata

Dada, mwombe askari wa langoni akuonyeshe mahali palipo mbele ya macho yake, na mzifunge pamoja kwa mnyororo mmoja mzito, fremu kwa fremu, kwenye nguzo au mti. Taa, pampu na simu mwende nazo. Tiketi zikaguliwe kwanza kabla ya kufunga, kwa maana mara nyingine foleni ya malipo ni ndefu kuliko matembezi, na kama mna vitafunio, vifungieni ndani ya mkoba mgongoni, kwani kule pia kuna tumbili.